Bitana ya Koti la Mke Wangu

Mke wangu alikuwa na mabega yasiyolingana. La kulia lilikuwa chini kidogo, nusu ya upana wa kidole, kwa kubeba mfuko wa vitabu upande mmoja tangu udogoni. Zaidi ya miaka thelathini watu walimsikiliza kwenye kumbi na redioni akieleza nchi inavyoishi na majirani zake, wapi panafuka moshi na wapi bado panaweza kuzimwa. Hakuna aliyeliona bega hilo. Nililificha mimi. Kila koti alilovaa lilikuwa na pedi ya pamba upande wa kulia, nimeishona kwa mkono.

Naanza na bega kwa sababu ndilo ninalolijua vizuri. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Vitabu vyake viko hapa kwenye rafu. Vyote nimevisikia, nimesoma kimoja, tena sikukimaliza. Mimi nilimwita Msomi, yeye aliniita Fundi, hata mbele ya wageni.

Tulikutana kwenye karakana ya sare. Cherehani ishirini na nne, safu mbili, madirisha juu sana, vumbi la nyuzi kila mahali. Tulikuwa tunashona nguo za askari. Siku moja msimamizi alileta msichana mwembamba wa chuo kikuu, ana daftari na barua ya ruhusa. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya ugomvi wa mpakani uliotokea miaka michache nyuma, na swali lake lilikuwa moja: mwaka ule, kabla ya ugomvi, tulipewa kazi gani ya kushona? Wenzangu kila mmoja akasema hakumbuki. Mimi nilikumbuka. Si kwamba nilikuwa jasiri. Sikujua kuwa ni siri.

Nilimwambia kuwa mwaka wa kawaida suruali zinakuwa na goti la kitambaa kimoja. Mwaka ule tuliambiwa tutie kitambaa cha pili, na mifuko ya kifuani tuihamishie mapajani. Askari wa gwaride hana haja na goti nene. Goti nene ni la mtu anayepiga magoti kwenye mawe, na mfuko wa kifuani unamsumbua anayelala kifudifudi. Oda hiyo ilikuja miezi minne kabla ya redio kusema neno lolote. Wakati huo wakubwa wa nchi zote mbili walikuwa bado wanapeana mikono.

Aliacha kuandika.

"Miezi minne?"

"Minne. Nilikuwa nimetoka kuugua tetekuwanga. Ndiyo maana sisahau."

Goti lile likawa sura ya kwanza ya tasnifu yake. Aliandika kwamba wakubwa wanaweza kusema wanachotaka mezani, lakini vita haviwezi kuanza kabla mtu hajashonewa suruali. Hiyo ndiyo ikawa njia yake ya kazi hadi mwisho. Wasomi wenzake walitafuta mawaziri na mabalozi. Yeye alitafuta wapishi wa kambini, wapima mizigo, wapiga chapa, wauguzi wa vituo vya mpakani. Watu wanaoambiwa waandae bila kuambiwa kwa nini.

Mimi aliniandika Mhojiwa wa Kwanza. Niliona hakunitendea haki. Nilitaka mama yangu aone jina la mwanawe limepigwa chapa. Akanieleza kwamba akiliweka, kesho nitafukuzwa kazi, na keshokutwa hakuna fundi atakayefungua mdomo. Miaka miwili baadaye jina langu likaandikwa pamoja na lake, kwenye cheti cha ndoa. Nikamwambia ona sasa, umenitaja.

Shangazi yake hakunitaka. Aliuliza mbele yangu, bila kuficha, hawa wawili wakishamaliza kusalimiana watazungumza nini. Msomi akamjibu kwamba mimi namsikiliza mpaka mwisho, na je, yeye shangazi amewahi? Shangazi akasema hajawahi, kwa sababu mwisho wenyewe haufiki. Tulicheka wote, na kicheko hicho ndicho kilichoniozesha.

Nyumbani kwetu cherehani ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, na meza yake ilikuwa nyuma yangu. Alipomaliza kurasa kadhaa alinisomea kwa sauti nikiwa nashona. Sikutakiwa kusema chochote. Alikuwa anasikiliza mguu wangu. Mguu ukiendelea kukanyaga, anaendelea kusoma. Mguu ukisimama, naye anasimama, anachora mstari pembeni. Aliniambia mguu ukisimama ni moja kati ya mawili, ama ameandika jambo zito, ama ameandika upuuzi, na kazi yake ni kujua ni lipi. Kuna siku nilisimama tu kwa sababu uzi ulikatika. Alishaifuta aya nzima kabla sijamwambia.

Majirani hawakumwelewa. Mtu anayesafiri kwenda mipakani, anarudi viatu vimejaa vumbi, anasikiliza redio tatu za lugha tatu wakati anamenya vitunguu. Jirani mmoja aliwahi kuja na shati la kupunguza, akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu ni jasusi. Nikamwambia amuulize mwenyewe, ila kama ni jasusi atakataa, na kama si jasusi atakataa pia, kwa hiyo asipoteze muda. Msomi aliposikia hilo aliliandika kwenye daftari. Alisema kuna wanadiplomasia wamechukua shahada tatu hawajafika hapo.

Binti yetu alikulia chini ya meza ile, kati ya vipande vya vitambaa na karatasi zilizokosewa. Sasa ni mfamasia. Hana haja na siasa za nchi jirani. Anasema alizimaliza zote akiwa na miaka sita.

Msomi alifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, jengo la ghorofa mbili lenye ngazi za mawe na korido inayonuka karatasi. Alikuwa na chumba kimoja, kabati la chuma na dirisha linalotazama maegesho. Mwaka wake wa nane pale, alirudi kutoka safari akakuta kabati limefunguliwa. Hakikuibwa kitu. Karatasi moja tu ilikuwa imegeuzwa: orodha ya majina ya waliozungumza naye. Baada ya mwezi mmoja karani wa forodha aliyekuwa kwenye orodha ile alihamishwa kwenda mahali pasipo na shule, na ana watoto wanne. Hakuna aliyesema kwa nini.

Siku alipopata habari hiyo alikaa kwenye kiti cha wateja, kile wanachokalia wakisubiri kupimwa. Hakulia kwa sauti. Baadaye akaniuliza vipimo vya wateja wangu naviandika wapi. Nikamwambia siviandiki. Wengi niko nao kichwani, na kwa wale wagumu nina kitambaa changu. Kila mteja ana mshono wake, rangi yake na umbo lake, nikiugusa nakumbuka kiuno, urefu wa mkono na namna anavyobishana.

"Mwingine akikiona?"

"Ataona fundi alikuwa anajaribu sindano."

Kisha akavua koti lake jeusi, akaniwekea mapajani.

Tangu hapo majina hayakuandikwa tena. Daftarini kulikuwa na namba tu. Jina alikuja nalo mdomoni, akanitajia mara moja, nami nikalishona kwenye bitana, kitambaa cha ndani ya koti, chini ya pedi ya lile bega la kulia. Nilianza na mshono mweupe ulionyooka. Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni Mhojiwa wa Kwanza, hawezi kuachwa nje. Wakafuata wengine. Msalaba wa kahawia alikuwa mpima mizigo. Mafundo matatu ya buluu alikuwa ofisa mwenye binti watatu. Muuguzi mmoja nilimshonea mduara mwekundu, kwa sababu Msomi alisema akicheka uso wote unakuwa duara. Hao nimewabadilisha rangi na kazi, na huyo nitakayemweleza mbele nimembadilisha zaidi. Msihangaike kuwatafuta.

Koti hilohilo ndilo alilovaa kwenye mikutano mikubwa. Alikaa meza moja na mabalozi, majenerali wastaafu na watu wa wizara, wakimuuliza kwa adabu habari zake anazitoa wapi. Aliniambia kila akiulizwa hivyo bega linamwasha.

Kuna ripoti aliyoandika ikasema, kwa ushahidi, kwamba fujo za mpakani za mwaka fulani zilianza upande wetu. Wizara iliacha kumwita. Kabla ya hapo kulikuwa na maneno kwamba atapelekwa nje, awe balozi. Alipelekwa mwingine. Siku habari hiyo ilipotangazwa alirudi mapema, akavua viatu, akaniomba nimpunguzie sketi, amekonda. Nilikuwa nimepiga magoti namwekea pini aliponiuliza:

"Ningekuwa balozi, wewe ungeshona wapi huko?"

"Huko nako nguo zinachanika."

Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka pini zikaisha.

Miaka sita hakualikwa popote. Alifundisha, akaandika, mguu wangu ukakanyaga. Kisha jambo alilolieleza kwenye ripoti ile likatokea tena, vilevile, na simu zikaanza kuita. Hakuwakumbusha kwamba aliwaonya. Aliniomba tu nilipige koti pasi.

Tulipozeeka, mimi ndiye niliyeanza kusahau. Nilikuwa na desturi ya kufungua bitana kila mwanzo wa mwezi, nipitie majina kwa kidole. Asubuhi moja niligusa fundo la kijani, halikusema kitu. Nilikaa nalo mpaka jua likaingia chumbani. Nilikwenda kumwambia kwa aibu kwamba nimempoteza mtu wake mmoja. Yeye naye hakumkumbuka. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Huyo sasa yuko salama kuliko wote."

Aliugua miezi mitano. Kitabu cha mwisho alikimalizia kitandani, nami nikawa nimehamishia cherehani chumbani ili mguu usikike. Alifariki saa nne asubuhi, binti yetu amemshika mkono mmoja, mimi mwingine. Tepu ya kupimia ilikuwa bado iko shingoni kwangu. Hapo sina la kuongeza.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi alikuja mkurugenzi wa taasisi. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Msomi alimpa jina la Kwa Kifupi, maana akisema "kwa kifupi" unaweza kwenda sokoni na kurudi ukamkuta hajafika nusu. Ni mtu mwema. Siku hiyo alimaliza vikombe viwili vya chai kabla ya kusema kilichomleta, nikajua ni kizito.

Ilikuwa sura ya tano ya kile kitabu. Sura hiyo inaeleza siku ambayo majeshi mawili yalisimama pande mbili za daraja, yakisubiri amri ya kuanza. Amri ilitolewa asubuhi. Mtu wa redio wa upande mmoja aliipokea, hakuipeleka. Akasema mashine imeharibika, akaifungua, akaitengeneza taratibu hadi jioni. Jioni wakubwa walikuwa wameshapigiana simu wakaelewana. Hakufa mtu. Msomi aliiita sura hiyo kazi ya maisha yake, na ushahidi wake wote ulikuwa mtu mmoja, yule mtu wa redio, ambaye kwenye kitabu ni Mhojiwa wa Kumi na Moja.

Taasisi ilikuwa imewapa mswada wasomi wawili waupitie. Mmoja akaandika kwamba mhojiwa huyo huenda hayupo. Kwamba mama mzee, mgonjwa, alitamani amani iwe na mtu wa kushukuriwa, akamtunga. Maneno hayo yalikuwa yameshatoka nje ya taasisi. Watu wakaanza kujiuliza kama na wale wengine aliwatunga, kitabu baada ya kitabu. Wengine wakaanza kumtafuta huyo mtu wa redio kwa bidii zao wenyewe. Kwa Kifupi alikumbuka Msomi aliwahi kumwambia kwamba majina anayo Fundi. Alitaka moja tu. Nimnong'oneze, halitachapishwa, yeye atawaapia wale wasomi kwamba mtu yupo.

Nikamwambia hapana. Aliinamisha kichwa, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Binti yangu alikuwa anaosha vikombe, amenipa mgongo.

"Baba, wanasema Mama alikuwa anatunga."

"Nimesikia."

"Na wewe unaweza kuwanyamazisha kwa neno moja."

"Neno si langu, mwanangu. Mama yako aliniwekea vitu vya watu."

"Na jina la Mama ni la nani?"

Alifuta mikono akaenda kazini, akaacha kikombe kimoja hakijaoshwa. Changu.

Siku tatu swali lile lilikaa nami kwenye cherehani. Niliharibu suruali ya mteja, nikashona mguu wa kushoto kwenye wa kulia, kosa ambalo sikulifanya hata nikiwa mwanagenzi. Siku ya nne nilifungua bitana. Mhojiwa wa Kumi na Moja alikuwa uzi wa njano, na alikuwa na mishono miwili, iliyolala sambamba. Wengine wote walikuwa na mmoja mmoja. Nilipomshona, zaidi ya miaka ishirini nyuma, Msomi alisema huyu mshonee miwili. Nilidhani ni kwa uzito wa habari yake. Sikuuliza.

Nilimwambia binti yangu kwamba nakwenda kumuuliza mwenyewe. Akikubali, jina la mama yake litapona. Akikataa, basi tena. Alinitazama, kisha akanifungia mkate na kunilazia kola ya shati, kama mama yake alivyofanya.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Nilimkuta kwenye kibanda mbele ya nyumba yake, mzee mfupi, miwani imefungwa kwa waya, anatengeneza pasi na feni za watu. Alidhani nimeleta kitu kibovu. Nikamwambia mimi ni mume wa yule mama wa madaftari. Aliweka bisibisi chini. Akamwita mkewe, akamwomba aende kwa jirani kuazima koleo. Koleo lilikuwa pale mezani, mbele yetu. Mkewe alilitazama koleo, akatutazama sisi, akaenda.

Alikuwa amesikia kifo kile redioni. Siku hiyo hakufungua kibanda. Aliniuliza kama aliteseka. Nikamwambia kidogo. Kisha nikamweleza yote, wale wasomi, maneno ya watu, sura ya tano. Sikumwomba kitu. Nilimwambia ilivyo, nikanyamaza, kama ninavyonyamaza mteja akijitazama kwenye kioo.

Alifikiri sana. Akasema kwa upande wake amechoka kuficha, ana miaka sabini na sita, watamfanya nini. Moyo wangu ulinyanyuka. Nadhani aliuona ukinyanyuka, maana alitikisa kichwa.

"Mzee mwenzangu, sikuwa peke yangu."

Akanieleza. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mtu wa redio kama yeye. Kwa majuma mawili walikuwa wanasikiana hewani, kila mmoja ameshajua kikohozi cha mwenzake. Asubuhi ile wote wawili walipokea amri. Yule wa ng'ambo akamwita, akamuuliza mashine yako leo ikoje. Akamjibu mbovu. Yule akasema, hata yangu. Hawakuongeza neno. Hawajawahi kuonana hadi leo, wala hajui kama mwenzake yu hai. Ila anajua kwamba huko kwao jambo hilo halijasamehewa, na kama yeye ni marehemu, ana watoto. Siku mmoja akitajwa, watu watauliza mbona na upande wa pili ulikaa kimya, na hapo wa pili atatafutwa. Mashine mbili haziharibiki asubuhi moja.

"Mke wako nilimwambia yote," alisema. "Nilipofika kwa huyo wa pili, akaweka kalamu chini. Nikamwambia andika, mama, hii ndiyo habari yenyewe. Akasema hii nitaibeba tu."

Ndipo nilipoielewa ile mishono miwili. Aliibeba kweli. Alikuwa na habari ambayo ingempa kila kitu alichonyimwa, akaingia nayo begani kwenye kila mkutano, na hata mimi hakuniambia.

Nilimweleza yule mzee kwamba yeye na mwenzake wako pamoja ndani ya koti, wamelala bega kwa bega, kwa uzi wa njano. Akataka kujua ni njano gani. Nikamwambia ya ganda la ndizi. Alicheka, akavua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu. Mkewe aliporudi, bila koleo, alitukuta tumeinamia pasi, mmoja ameshika kitako, mwingine mpini.

Niliporudi nilikwenda taasisi moja kwa moja, nikazipanda zile ngazi za mawe. Nilimwambia Kwa Kifupi kwamba nimemuuliza mwenye jina, amekataa, na ana haki. Na kwa kuwa watu wameshaanza kumtafuta, sura yote aitoe. Alizungumza kwa kifupi karibu saa nzima. Alisema bila sura hiyo kitabu ni koti la mkono mmoja. Alisema tukiitoa, watadai sasa imethibitika, alitunga, hata mumewe amekubali. Nikamwambia najua. Hilo ndilo lililoniuma njia nzima, na linaniuma hadi leo, maana wapo wanaolisema. Nawasikia. Nashona.

Nilimwomba jambo moja, la kifundi. Ukiufumua mfuko kwenye koti kuukuu, pale ulipokuwa panabaki na rangi ya zamani, hapajafifia. Kuna mafundi wanapaficha. Mimi sipafichi. Nikamwomba asiunganishe sura ya nne na ya sita kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Hakujibu. Sijawahi kumwona hivyo. Alisimama akanisindikiza mpaka chini, amenishika kiwiko, hakusema neno ngazi zote.

Kitabu kilipotoka binti yangu alinisomea chote, Jumapili nne mfululizo, amekaa kwenye meza ya mama yake, mimi nikishona. Sikuwa nimemweleza alichonieleza yule mzee. Nilimwambia tu kwamba nilimuuliza na jibu lake lilikuwa la haki. Baada ya sura ya nne alifungua ukurasa wenye mstari mmoja. Akausoma: "Sura ya Tano. Mwandishi aliahidi." Ndiyo maneno machache kuliko yote aliyowahi kuandika Kwa Kifupi.

Mguu ukasimama. Binti yangu naye akasimama.

"Hapo ni zito au ni upuuzi, Baba?"

Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata. Hakufungua. Alikuja akakaa chini karibu na pedali, pale alipokuwa akicheza na vipande vya vitambaa, akaniegemea mguu. Hatukushona tena Jumapili hiyo.

Baadaye taasisi iliomba koti jeusi. Walitaka kulitundika kwenye kabati la kioo maktabani, karibu na vitabu vyake. Nilikubali. Nikaomba wanipe mpaka Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nililiweka mezani karibu na dirisha, nikafungua bitana, nikatoa pedi. Walikuwa wote pale. Nilimgusa mmoja mmoja, nikalitaja jina mara moja kwa sauti ndogo, kama yeye alivyonitajia, kisha nikaufumua uzi. Mpima mizigo. Ofisa na binti zake. Muuguzi anayecheka. Lile fundo la kijani nililiomba radhi. Ile mishono miwili ya njano niliivuta pamoja, ikatoka pamoja. Nyuzi zote nilizikusanya kiganjani. Hazikujaa kijiko. Nikazitia jikoni, kwenye moto wa chai.

Nilimwacha mmoja, mweupe, aliyenyooka. Huyo hana siri, na hana pengine pa kukaa. Nikarudisha pedi, nikashona bitana.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuliona, mimi na binti yangu. Walikuwa wamelitundika vizuri, wamelifuta, wameweka taa ndogo juu. Kitundikio kilikuwa cha mbao, mabega yamelingana. Kwa hiyo bega la kulia la koti lilikuwa limepanda, nusu ya upana wa kidole. Binti yangu alilitazama, akaninong'oneza kwamba limekaa upande. Kwa Kifupi naye aliona. Akatoa funguo mfukoni, akasema afungue kioo alinyooshe.

Nikamwambia aliache. Limekaa sawa.